Usiku Alizaa au Ulizaa? Miungu ya Mwanzo ya Wayunani na Upatanisho wa Kiswahili



Tukitajiwa miungu ya Wayunani wa kale, wengi wetu humkumbuka Zeus na jamaa zake wa mlima Olympus. Leo naomba tuwaache hao, tuwaendee waliowatangulia: Chaos, Nyx, Erebos, Aither, Hemera. Habari zao tunazipata hasa katika Theogonia, utungo wa mishororo zaidi ya 1,000 wa Hesiod, wa yapata mwaka 700 kabla ya Kristo. Visa vyao ni vichache, na majina yao ni majina ya kawaida ya vitu: Nyx ni usiku, Hemera ni mchana. Hapo ndipo taabu ya mfasiri wa Kiswahili inapoanzia.

Tuanze na Chaos. Wepesi wetu ni kusema “Machafuko”. Maana hiyo imetiwa nguvu na Ovid, mshairi wa Kirumi, ambaye mwanzoni mwa karne ya kwanza alimweleza Chaos kuwa rundo la vitu visivyopangwa. Kwa Hesiod sivyo. Neno lake lina nasaba na kitenzi cha kuachama, kufungua kinywa wazi. Tena, machafuko huhitaji vitu vya kuchafuka, na wakati huo vitu havikuwapo. Mimi napendekeza “Mwanya”.

Sasa, Mwanya huo ulitokea au alitokea? Katika Kiyunani nomino chaos si ya kike wala ya kiume, na Hesiod hasemi kwamba ilizaa. Asema kutoka kwake walitokea Erebos, yaani Giza, na Usiku. Kwa hiyo naandika “Mwanya ulitokea”. Lakini kwa Usiku mshairi abadili kitenzi: Usiku alipata mimba baada ya kulala na Giza, akawazaa Aither na Mchana. Hapa “ulizaa” hakutoshi. Sarufi yetu hutuamuru tuseme “kiongozi amefika”, si “kimefika”, kwa kuwa uhai huushinda umbo la nomino. Usiku wa Hesiod ana tumbo la uzazi. Apewe a- yake. Hata Zeus alimcha: katika kitabu cha 14 cha Iliad, mungu wa Usingizi asimulia jinsi alivyoponea kwa kumkimbilia Usiku, na Zeus akaimeza hasira yake.

Baadaye Usiku azaa tena, safari hii bila mume: Mauti, Usingizi, kabila la Ndoto, Ulaghai, Uzee, Ugomvi na wengineo. Wanafunzi wangu waliposoma orodha hii kwa sauti ndipo nilipolisikia jambo ambalo Kiyunani hakina. Kule watoto hawa wametawanyika katika jinsi zote tatu za nomino. Kwetu Usingizi, Ulaghai, Uzee na Ugomvi wamerithi u- ya mama yao, kama ndugu wenye pua moja. Mfasiri hupoteza mengi, hapa ameokota.

Kuna walionishauri nitumie a- kote, ili msomaji ajue kuwa hawa wote ni miungu. Sikubali. Gaia, yaani Dunia, aliizaa Milima mirefu bila mume, lakini Milima hiyo haitendi neno lolote. Ni makao ya mabinti wa kimungu wanaokaa mabondeni. Nikiandika “Milima walizaliwa”, nimempa Hesiod imani asiyoitamka. “Milima ilizaliwa” yatosha. Kinyume chake, Usiku na Mchana wana nyumba moja, na husalimiana wakipishana kwenye kizingiti cha shaba, mmoja akiingia na mwingine akitoka, wala hawakai ndani pamoja. Wanaosalimiana hawawezi kukosa a-.

Aither bado ananishinda. Ni ule weupe wa juu kabisa, unaopita hewa tunayoivuta. “Anga” ni pana mno, “nuru” haina mahali. Katika rasimu yangu amebaki na jina lake la Kiyunani, nami nitashukuru kusikia mapendekezo yenu.