Kibali cha Kazi si Kibali cha Duka

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya barua niliyoipata kwa kijana mmoja wa Taita, niliyemfundisha zamani. Alivuka mpaka pale Taveta na Holili, akaenda Arusha kufundisha hesabu katika shule ya watu binafsi. Amefanya kazi kwa bidii, naye ameweka akiba. Sasa aniandikia: "Shikamoo, Mwalimu. Nataka kufungua duka dogo la nguo. Rafiki yangu, mwenyeji wa hapa, yu tayari duka liandikwe kwa jina lake. Je, nitoe fedha?"

Swali hili ni la wengi, kwa hiyo namjibu mbele yenu nyote.

Neno la kwanza. Hati alizo nazo ni za kazi, si za biashara. Nchini Tanzania mgeni aliyeajiriwa huwa na karatasi mbili: kibali cha kazi, kitolewacho na Kamishna wa Kazi kwa sheria ya mwaka 2015, na kibali cha kuishi cha daraja B, kitolewacho na Uhamiaji. Anayetaka kufanya biashara yake mwenyewe yampasa kuwa na kibali cha daraja A. Basi mwalimu akisimama dukani kwake kuuza, hata jioni baada ya masomo, amekwisha kutoka katika ruhusa yake, naye aweza kupoteza duka na ualimu pamoja.

Neno la pili. Wengine husema, "Sisi sote tu watu wa Afrika Mashariki." Ni kweli. Mapatano ya Soko la Pamoja yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nayo yatambua haki ya raia wa nchi moja kufanya kazi na biashara katika nchi nyingine. Lakini mapatano hayo hayakuondoa vibali. Mlango umefunguliwa, ila hodi yapigwa bado. Tena, mwezi wa Julai 2025, serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara za namna 15, zikiwamo maduka ya rejareja, saluni na utengenezaji wa simu. Adhabu iliyotajwa kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo. Raia amsaidiaye naye aliandikiwa adhabu yake.

Neno la tatu ni hilo jina la rafiki. Nalimjua fundi cherehani mmoja aliyefanya hivyo katika nchi ya ugeni. Miaka miwili kazi ilikwenda vema. Siku walipogombana, mwenye jina alifunga mlango, na fundi hakuwa na neno. Maana angeshitakije bila kujifichua mwenyewe? Alirudi kwao na mkasi wake tu.

Basi, mwanangu, fanya hivi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda ofisi ya Uhamiaji na ya biashara, uulize biashara uitakayo imeruhusiwa kwa mgeni au sivyo. Kuuliza si ujinga. Ikiwa imeruhusiwa, andikisha kampuni kwa BRELA, pata namba ya mlipa kodi, leseni na vibali vyako, ndipo ufungue. Ikiwa imekatazwa, endelea kufundisha, na mtaji wako uupeleke Taveta. Huko u raia; hutaombwa kibali cha mgeni, ila leseni kama muuzaji mwingine yeyote, na ndugu yako aweza kuuza nawe ukiwa darasani.

Najua duka la Taveta si duka la Arusha. Lakini litakuwa lako, nawe utaweza kusimama mbele ya hakimu yeyote ukasema hivyo. Fedha uliyoichuma kwa jasho lako, usiifiche chini ya jina la mtu mwingine.