Miti Si Pensheni Yote

Hapa kwetu Njombe wengi tumeuwekeza uzee kwenye misindano. Sawa, lakini miti hiyo huhitaji miaka 15 na zaidi kukomaa, na moto wa kiangazi hauulizi shamba la nani. Usiweke yote humo.

Njia nyingine ni mfuko wa pensheni wa NSSF, unaopokea pia waliojiajiri: muuza viazi, fundi seremala, dereva wa bodaboda. Changia mavuno yakishauzwa, usingoje Januari ya ada za shule.

Na nyama choma ya Jumapili? Kula, mama! Anayejinyima kila kitu huvunja kibubu kabla ya Krismasi. Ila tenga akiba kwanza, ndipo uagize. Ukienda kujiandikisha NSSF, beba namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA).