Wajumbe Kabla ya Majeshi

Dominika ya 23 ya Mwaka C
Injili: Lk 14:25-33



Injili ya leo yatupa mfano wa mfalme mwenye askari elfu kumi, anayejiwa na mfalme mwingine mwenye askari elfu ishirini. Mfalme huyo huketi kwanza na kufanya shauri. Naye akiona hawezi, hutuma wajumbe kutafuta masharti ya amani wakati mwenzake angali mbali. Bwana wetu hakutoa mfano huu ili kuwafundisha wafalme siasa. Alitaka kila anayemfuata ahesabu kwanza gharama ya kumfuata. Hata hivyo, alichagua mfano ambao wasikilizaji wake waliuelewa mara moja, nasi wa Karagwe na Kyerwa twauelewa kuliko wengi.

Kwa watu wa Kamuli, nchi jirani si jina tu katika kitabu cha jiografia. Magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera, ni Rwanda. Kaskazini, ng'ambo ya mto uleule, ni Uganda. Huko tuna wakwe, wajomba na wateja wa mazao yetu. Kwa hiyo swali la kwamba taifa lichukue hatua peke yake kwa nguvu, ama lipeleke wajumbe na kufanya mapatano, kwetu sisi ni swali la nyumbani. Tulitazame katika mwanga wa Injili, kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza: wajumbe hutumwa mapema. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda. Mwalimu Nyerere alimpa Obote hifadhi, akakataa kumtambua Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha wakitokea nchini mwetu, wakashindwa. Ndege za Amin zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Vita ilikuwa mlangoni. Ndipo Rais Siad Barre wa Somalia aliposimama katikati, na mwezi Oktoba yakatiwa sahihi Mapatano ya Mogadishu, ambayo kwayo kila upande uliahidi kuyarudisha majeshi yake kilomita 10 nyuma ya mpaka. Chuki haikwisha. Lakini kwa miaka sita vita kubwa haikuja: watoto walizaliwa wakabatizwa, kahawa ikachumwa, wazee wakafa vitandani mwao. Anayedharau mapatano kwa kuwa ni dhaifu, na ahesabu kwanza uhai uliohifadhiwa chini ya kivuli chake.

Jambo la pili: mjumbe wa amani hana budi kuusema ukweli. Oktoba 1978 askari wa Amin waliivamia nchi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, wakaua watu na kupora mifugo; na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka pande mbili zisimamishe mapigano na kuzungumza, lakini haukumlaani mvamizi. Mwalimu alikataa usuluhishi wa namna hiyo, na tarehe 2 Novemba akalitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi tunavyo. Ndugu zangu, mwizi akiingia nyumbani mwako usiku, kisha jirani akaja na kuwaambia mgawane vyumba, je, huyo amewapatanisha? Amani isiyo na haki ni kidonda kilichofungwa kabla ya kusafishwa.

Kanisa halifundishi kwamba anayeonewa akae kimya daima. Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2309, yataja masharti ya kujilinda kwa silaha: madhara ya mvamizi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeonekana hazifai, pawepo tumaini la kweli la kufaulu, na silaha zisilete uovu mkubwa kuliko ule unaoondolewa. Makatekista, wafundisheni vijana masharti hayo yote manne. Wengi hushika lile la kwanza tu, wakayasahau yaliyobaki.

Hilo latufikisha kwenye jambo la tatu: hesabu ya gharama. Majeshi yetu hayakuishia mpakani. Yalisonga mbele pamoja na Waganda waliompinga Amin, naye akasaidiwa na askari wa Libya. Kampala ikatekwa Aprili 1979. Mwezi Julai, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika huko Monrovia, walikuwapo waliotulaumu kwamba tumevunja kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine. Wengine waliona kwamba watu walioonewa wameokolewa. Wakristo wenye dhamiri njema wamekuwa pande zote mbili za hoja hiyo. Lakini jambo moja halina ubishi: hata vita ya haki huleta ankara yake. Tulizika vijana wetu; nchi nzima ikaingia miaka ya uhaba wa sukari, sabuni na nguo. Na Uganda, baada ya Amin kukimbia, haikupata utulivu. Ilipita katika vita nyingine tena. Jeshi liliweza kumwondoa mtawala, lakini halikuweza kuwapatanisha ndugu.

Huenda Mwalimu mwenyewe alilijua hilo kuliko wote. Yeye aliyeongoza vita ndiye aliyetumia miaka yake ya mwisho kuwasikiliza Warundi waliokuwa wakiuana, akitafuta mapatano yao hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mzee Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Hata baada ya hapo bunduki hazikunyamaza siku hiyohiyo. Kazi ya mjumbe ni ya uvumilivu, wala haipigiwi ngoma.

Wapendwa, tusiwatazame wafalme peke yao. Mwaka 2013, maneno makali yalipopita kati ya Tanzania na Rwanda, mkoa wetu uliona Operesheni Kimbunga. Serikali ina haki ya kulinda mpaka na kuwakamata majambazi. Hilo hakuna anayelikataa. Lakini katika haraka ile waliondoka pia watu walioishi nasi miaka mingi, wenye wake, waume na watoto hapa. Marais wa nchi hizo mbili walikutana Kampala mwezi Septemba mwaka huohuo, wakazungumza. Wakubwa walishikana mikono, lakini mama aliyetenganishwa na wanawe aliendelea kulia. Nami nauliza, kila mmoja ajibu mbele ya Mungu: siku zile, je, tulimwonyesha askari mlango wa jirani kwa sababu ya uhalifu wake, au kwa sababu ya migomba yake?

Bwana ametuachia utaratibu katika Mathayo 18. Ndugu yako akikukosea, mwendee wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, liambie Kanisa. Huko ndiko kutuma wajumbe wakati mwenzako angali mbali. Wiki hii, mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba asianze na panga wala polisi. Aanze na miguu yake mwenyewe kwenda kwa mwenzake. Jumuiya ndogondogo ziwataje watu wawili waaminifu watakaofuatana naye. Na wajumbe hao waseme ukweli: asiyekosa asilazimishwe kugawana kosa na mkosaji.

Tuwaombee viongozi wetu na wa nchi jirani moyo wa kuketi na kufanya shauri kabla ya kusimama. Tuwaombee waliokufa katika vita ya Kagera, Watanzania na Waganda. Ee Bwana, uliyetutumia Mwanao tulipokuwa tungali adui zako, utufanye wajumbe wa amani yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.