Dhamana Kwanza: Vijana, Mtazamo na Uongozi wa Nchi



Nilikusudia kuzungumzia historia ya elimu ya watu wazima, fani niliyoitumikia tangu ujana. Nimebadili shabaha kwa sababu ya hoja moja inayosikika siku hizi kwenye makongamano, mahafali, nyumba za ibada na redioni. Hoja yenyewe ni kwamba nchi hii imejaliwa ardhi, madini, maziwa na bandari, na kinachokosekana ni mtazamo wa vijana. Kijana akibadili fikra, nchi nayo itabadilika. Wanaoitetea wengi ni watu wema, na wapo miongoni mwao walionifundisha. Lakini hoja hii imetanguliza tokeo, yaani mtazamo, mbele ya sababu yake, yaani dhamana, na kosa hilo tunalilipia kila mwaka.

Niuchukue ushahidi wao mzito kuliko wote. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwaingiza wasomi kwa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti mnayajua: miezi kadhaa kambini, kisha kipindi cha kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Baadhi ya mabango yalisema afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watetezi wa hoja ya mtazamo husema: mnaona? Vijana walioharibika fikra, na kiongozi aliyewaonyesha fikra njema.

Kuhusu Mwalimu, nakubali bila kusita. Kukata mshahara wake kulikuwa uongozi wa hali ya juu. Kuhusu vijana, sikubali. Palepale Mlimani, kwenye chuo hicho hicho, muda mfupi baadaye, wanafunzi waliunda chama cha kimapinduzi cha USARF, kikiwakusanya vijana wa nchi nyingi za Afrika, na wakaanzisha jarida la Cheche. Waliliandika, wakalihariri na kulichapa wenyewe kwa stensili. Mwaka 1970 serikali ilivipiga marufuku vyote viwili, chama na jarida, kwa sababu vijana hao sasa walionekana kuupeleka ujamaa mbali kuliko serikali yenyewe. Je, katika muda huo mfupi nani alihubiri Mlimani hata nyoyo zikageuka hivyo? Azimio la Arusha lilichangia sana; hakuna mwanahistoria atakayelikana. Lakini Azimio lilisomwa nchi nzima. Walioliishi kwa jasho ni wale waliokuwa na kitu chao cha kuendesha, chenye tarehe ya kutoka na wasomaji wa kuwajibika kwao. Wale wa 1966 walipangiwa maisha kwa sheria, kisha wakalaumiwa kwa kukosa moyo.

Sitawachosha na habari za TANU, chama kilichopigania uhuru. Inatosha kukumbuka kwamba Mwalimu alikuwa na miaka 32 chama kilipoundwa mwaka 1954, na Rashidi Kawawa alikuwa na miaka 35 alipokuwa Waziri Mkuu Januari 1962. Kawawa aliiva katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama hivyo. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam chini ya TANU. Kila mmoja alikwisha kuongoza watu wake kabla taifa halijamwita.

Sasa naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye chanzo ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kuvisoma. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Wizara ya Afya ziliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 vikundi vilikusanyika kote nchini kusikiliza kipindi cha redio, kusoma kitabu cha kampeni, kujadili, kisha kwenda kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Shangazi yangu, binti wa miaka 19 aliyemaliza darasa la saba, alichaguliwa kuwa katibu wa kikundi kijijini kwetu, kwenye milima ya Njombe. Daftari lake ninalo.

Ni daftari la shule la kawaida, jalada limeliwa na mende. Kila ukurasa ameupiga mistari kwa rula: jina la mkuu wa kaya, ahadi aliyoitoa, hali ya utekelezaji. Kwenye safu ya mwisho kuna maneno mawili tu, "bado" au "tayari". Jina la balozi wa nyumba kumi, mzee aliyeogopwa na kijiji kizima, lina "bado" wiki ya nne, "bado" wiki ya tano, "bado" wiki ya sita. Wiki ya saba pameandikwa "tayari", na pembeni vipimo vya shimo la choo kwa hatua za miguu, maana yake alikwenda mwenyewe kulipima. Fikirieni binti wa miaka 19, mwaka 1973, akisoma orodha ile mbele ya wazee. Nilimwuliza ujasiri ule aliutoa wapi. Alinijibu kwamba hakuwa na ujasiri wowote. Daftari lilikuwa lake, na wiki ijayo wangemwuliza yeye. Baadaye alikuwa mtunza hesabu wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka mingi.

Wapinzani wangu hunirudisha kwa Mwalimu mwenyewe: je, hati yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 haikuzungumzia mitazamo iliyopandwa na shule za kikoloni? Ilizungumzia sana. Lakini someni dawa aliyoipendekeza. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi ya shamba la shule, kumbukumbu za hesabu zitunzwe, nao wawe na sauti juu ya matumizi ya ziada inayopatikana. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha sauti. Niliposoma sisi tulilima mahindi, tukapalilia, tukavuna, tukabeba magunia hadi stoo, na mpaka leo sijui mahindi yale yalikwenda wapi. Tulipouliza tuliambiwa hatuna nidhamu. Ndivyo mtoto anavyofundishwa kwamba mali ya umma si yake.

Ipo hoja ya mwisho, na ina uzito. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mikopo mingi haikurejeshwa, na mwaka 2023 utaratibu ulisimamishwa kabla ya kuanzishwa upya mwaka uliofuata. Je, huo si ushahidi kwamba vijana wakipewa dhamana huiharibu? Kwa sehemu, ndiyo. Wako vijana waliokula fedha za umma, na wanastahili kushtakiwa kama mtu mzima yeyote. Hata hivyo vikundi vingine viliundwa siku chache kabla ya mkopo, watu hawajawahi kukaa kikao hata kimoja. Waliopewa fedha bila daftari, bila wa kuwauliza "bado au tayari", walipewa bahati nasibu. Mkopo wa namna hiyo usihesabiwe kuwa dhamana.

Kwa hiyo wito wangu kwa vijana mlio hapa hauhusu fikra zenu. Kisheria, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, nao hukutana walau kila baada ya miezi mitatu. Mkienda likizo, hudhurieni. Ombeni taarifa ya mapato na matumizi isomwe hadharani, na pale nafasi ya kuandika muhtasari inapotafuta mtu, nyosheni mkono.