Ajali haina kinga, lakini kichwa kinayo



Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu husemwa msibani, husemwa wodini, na husemwa kando ya barabara watu wakiwa wamezunguka kitu kilichofunikwa kanga. Sina ugomvi nao, kwa maana hakuna ajuaye ni lori gani litakatika breki, wala ni wapi. Lakini ajali ikishatokea, kichwa kina kinga yake, nayo inauzwa dukani. Leo nataka tuzungumze juu ya kinga hiyo, yaani kofia ngumu ya mpanda baiskeli, na hasa juu ya jambo dogo linalowafanya wengi waiache nyumbani. Jambo lenyewe ni kile ambacho tayari tumekivaa kichwani.

Wengi wetu hatutoki nyumbani kichwa kitupu. Mzee anayekwenda sokoni kwa baiskeli yake ana kofia ya viua. Mama anayesambaza maandazi amejifunga kilemba cha kanga. Msichana wa shule ana mtandio mweupe. Kijana wa Makete, ambako Juni na Julai huanguka sakitu, amevuta kofia yake ya sufi hadi kwenye nyusi. Kijana wa mjini ana kapelo. Hata mimi ninayezungumza nanyi, ambaye hufika studio kwa baiskeli na ambaye nywele za utosini zimekwisha kuniaga, huvaa kikofia chembamba cha pamba, kwa sababu jua hupenya katika matundu ya kofia ngumu na kunichora madoa kama chui.

Mwezi uliopita msikilizaji mmoja wa Tanga alinitumia ujumbe. Ana binti wa kidato cha pili anayekwenda shule kwa baiskeli, kilomita 6 kwenda na 6 kurudi. Mjomba wa binti huyo alimletea kofia ngumu nzuri kabisa. Alipoivaa juu ya mtandio haikuingia. Ilikaa juu juu kama chungu juu ya figa moja. Mwalimu mmoja akamshauri avue mtandio. Bibi yake akamwambia avue hilo dude. Binti akaitundika kofia kwenye usukani, na huko ndiko inakosafiri hadi leo. Baba yake anauliza: nimfuate mwalimu au nimfuate bibi?

Ndugu yangu wa Tanga, swali lako si dogo. Ukimlazimisha mtoto kuchagua kati ya mtandio na kofia ngumu, kuna jambo la tatu analoweza kulichagua, nalo ni kuiacha baiskeli. Akiiacha baiskeli, kilomita 12 kwa siku anazitembea kwa miguu, na kila mzazi anajua masomo ya mtoto anayefika darasani amechoka huishia wapi. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usimfuate mwalimu wala bibi. Vyote viwili vinaweza kuvaliwa, ila kwa masharti. Ili tuyaelewe masharti hayo, kwanza tujue kofia ngumu inafanya kazi gani.

Ukiichunguza kofia ngumu ya baiskeli utaona gamba jembamba la plastiki, na chini yake povu gumu. Povu hilo ni ndugu wa lile jeupe linaloshikilia redio mpya ndani ya boksi. Kichwa kinapogonga lami, povu hubonyea na kupasuka, na katika kubonyea huko hupunguza kishindo ambacho kingeufikia ubongo. Likishabonyea halirudi tena. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Mwaka 2016 watafiti wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walichapisha uchambuzi wa tafiti 40 zilizohusu wapanda baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia. Waligundua kwamba waliovaa kofia ngumu walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata majeraha makubwa ya kichwa kwa asilimia 69, na majeraha ya kichwa yenye kuua kwa asilimia 65. Kofia haiwezi kulizuia lori. Lakini ajali nyingi za baiskeli si za kupitiwa na lori. Ni za shimo, mchanga, mbuzi aliyekatiza njia, na kichwa kugonga chini.

Elimu hii ilipatikana kwa msiba. Mwaka 1935 Mwingereza mashuhuri T. E. Lawrence alikuwa juu ya pikipiki huko Dorset. Akakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akaanguka, na baada ya siku 6 akafariki kwa majeraha ya kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, naye hakuridhika na kusema kwamba ajali haina kinga. Alichunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyolifanya jeshi la Uingereza liwavishe wapanda pikipiki wake kofia ngumu. Kwenye baiskeli mambo yalichelewa. Jimbo la Victoria huko Australia liliweka sheria mwaka 1990. Mabingwa wa mashindano walilazimishwa mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufariki kwa kuanguka katika mashindano ya Paris–Nice. Mbio za ubingwa wa dunia zilipokuja Kigali mwaka 2025, hakukuwa na mwendeshaji aliyeruhusiwa kupita barabarani bila kofia ngumu.

Sasa turudi kwenye kilicho chini yake. Kanuni ni moja: kati ya fuvu na povu pasiwepo kitu kinene, kitu kigumu wala fundo. Kitu kinene huinyanyua kofia, na ikinyanyuka inaacha wazi paji la uso na panja, mahali ambapo mtu anayeanguka mbele au ubavu huwahi kugonga. Tena mkanda wake haufiki vizuri kidevuni, na kofia huteleza kabla ya pigo kufika. Kitu kigumu, kama pini, kibanio cha nywele au kile kifungo kilicho utosini pa kapelo, hukandamizwa kichwani wakati wa kishindo. Helmeti iliyokalishwa juu ya kilemba kinene ni kilemba cha ukoka: heshima ipo, lakini ndani hamna kitu.

Kwa kanuni hiyo tunaweza kuhukumu bila upendeleo. Kofia ya viua, wazee wangu, haiwezi kukaa chini ya kofia ngumu. Ina ukuta wake na ina bapa lake la juu, nayo ni kazi ya mkono iliyochukua wiki nyingi, si haki kuiponda. Ivuliwe, itiwe katika mfuko safi, na ukifika msikitini au barazani uivae ikiwa haina jasho wala mkunjo. Kapelo nayo ivuliwe. Ukingo wake huisukuma helmeti kisogoni na hufunika macho mtu anapoinama. Kofia nene ya sufi iachwe, na mahali pake ivaliwe nyembamba inayoshika kichwa na kufunika masikio, lakini isiwe nene kiasi cha kumzuia mtu kusikia honi nyuma yake.

Kuhusu kilemba na mtandio, mama zangu na dada zangu, kuna njia. Wengi wenu mnacho kile kikofia cha kubana, cha kitambaa cha kuvutika, kinachovaliwa chini ya mtandio. Hicho kinakaa vizuri chini ya kofia ngumu. Anayetaka kufunika shingo na achague mtandio mwepesi wa pamba, aupitishe kichwani mara moja tu, bila kukunja kunja, bila fundo na bila pini sehemu inayogusana na kofia. Nywele zisifungwe utosini wala juu ya kisogo. Zisukwe au zifungwe chini, karibu na shingo. Ncha za mtandio ziingizwe ndani ya nguo. Hili msilidharau. Mcheza dansi Isadora Duncan alifariki huko Nice, Ufaransa, mwaka 1927, shali yake ndefu iliponaswa na gurudumu la gari alilopanda. Spoki na cheni ya baiskeli hazina huruma zaidi ya gurudumu la gari.

Baada ya hapo ndipo kofia ipimwe. Nasema baada ya hapo, kwa sababu makosa mengi huanzia dukani. Mtu anapima helmeti akiwa kichwa kitupu, kisha anaivaa akiwa na kitambaa, halafu anailaumu helmeti. Nenda dukani na kile utakachokivaa kila siku. Kofia ikae sawa, isielekee kisogoni; kati yake na nyusi pawe na upana wa vidole viwili. Ina kirekebishio nyuma? Kikaze. Kabla hujafunga mkanda, tikisa kichwa, isicheze. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio, na ule wa kidevuni uruhusu kidole kimoja au viwili kupita. Mkanda upite juu ya mtandio na kukaza chini ya kidevu. Halafu piga mwayo mkubwa. Ukihisi kofia inavutwa chini, imekaa. Siku ukibadilisha kitambaa, kaza au legeza upya.

Niongeze kwamba zile kofia ngumu za mafundi ujenzi hazifai kwa baiskeli. Zile zimetengenezwa kwa tofali au nyundo inayodondoka kutoka juu. Hazikutengenezwa kwa kichwa kinachokwenda kuigonga barabara.

Wako watakaouliza juu ya vilemba ambavyo imani haimruhusu mtu kuvivua wala kuvipunguza. Ndugu zetu Wasikh, ambao mitaani tumezoea kuwaita Masingasinga, wamelikabili swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1976 Uingereza ilitunga sheria ya kumruhusu Msikh aliyevaa kilemba kupanda pikipiki bila helmeti. Sheria hiyo iliheshimu imani, na hilo ni jema, lakini haikukifanya kilemba kuwa kofia ngumu. Huko Ontario, Kanada, mama mmoja wa Kisikh, Tina Singh, alifuata njia nyingine. Watoto wake hufunga nywele utosini na kuzifunika kwa kitambaa, na hakupata helmeti iliyowaenea. Akabuni helmeti yenye nafasi iliyoinuka juu, ikapimwa na kuthibitishwa kwa watoto wa kuanzia miaka 5. Sheria ya 1976 ilimwondolea mtu wajibu. Mama huyu aliwapatia watoto kinga.

Hapo ndipo ninapotaka walimu, wazazi na wenye maduka wanisikilize. Kumwambia mtoto avue mtandio ni rahisi, na kumwambia aitupe helmeti ni rahisi pia. Yote mawili hayachukui hata dakika. Kazi ipo katika kukaa naye nusu saa, kutafuta kitambaa chembamba, kukaza mikanda na kumwambia apige mwayo. Nawe mwenye duka, mteja akija na mtandio au kikofia chake, mwache apime navyo. Humpi hisani, unamuuzia kitu kitakachofanya kazi.

Na wewe unayepanda bodaboda, ambaye sheria inakudai helmeti ukiwa abiria, najua unachokikwepa: ile kofia iliyokwisha kupita vichwa kumi tangu asubuhi. Weka kikofia safi cha pamba mkobani, ukivae chini yake, ukifue jioni. Sababu ya jasho la wenzako itakuwa imekwisha.

Ndugu yangu wa Tanga, mnunulie binti kikofia cha kubana, mwite bibi yake aje aone kwamba kichwa kimefunikwa, kisha iteremsheni ile kofia kutoka kwenye usukani na muipime pamoja. Ikionekana ni ndogo hata hivyo, mrudishieni mjomba kwa shukrani akabadilishe. Usukani hauna ubongo wa kulinda.