Vijana wa Saa Kumi na Moja



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya 25 ya Mwaka A yatusimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka mara tano kwa siku moja kutafuta wafanyakazi. Ilipotimia saa kumi na moja jioni, bado aliwakuta watu wamesimama sokoni. Walipoulizwa sababu, walijibu kwamba hawakupata wa kuwaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu, wala hakutaka kujua wana uzoefu wa miaka mingapi. Aliwapeleka kazini.

Wapendwa, vijana wetu nao wamesimama sokoni. Wana vyeti mikononi, lakini kila wanapobisha hodi huambiwa walete uzoefu kwanza. Uzoefu hauuzwi dukani. Hupatikana kazini, na ufunguo wa mlango wa kazi anao mwajiri.

Mtakatifu Yohane Bosco alilitambua jambo hili. Katika mji wa Torino, nchini Italia, aliwakuta vijana maskini wakitumikishwa bila ulinzi wowote. Hakuishia kuwafundisha katekisimu. Tarehe 8 Februari 1852 alitia sahihi mkataba pamoja na fundi seremala, kijana mmoja, na baba wa kijana huyo. Fundi aliahidi kumfundisha useremala kwa miaka miwili. Asimtumie kwa kazi zisizohusu ufundi. Amwonye kwa maneno, si kwa kipigo. Amwache huru siku za sikukuu. Tena amlipe ujira wenye kuongezeka kadiri muda unavyokwenda. Kijana naye aliahidi utii na bidii. Padre alichukua jukumu la kufuatilia mwenendo wake.

Ndugu waajiri, nasema nanyi nyote: mwenye kiwanda na mwenye gereji, mkandarasi na fundi cherehani, mwenye duka na mama mwenye mgahawa. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, na waajiri wakatakiwa kuchangia mafunzo ya ufundi kwa tozo. Ni jambo jema. Lakini tozo haiwezi kumshika kijana mkono. Kufika kwa wakati, kumpokea mteja kwa adabu, kutunza chombo kisicho chako, kukiri kosa kabla halijawa hasara: hayo kijana hujifunza kando ya mtu mzima anayeyatenda.

Wengine husema, "Nikimfundisha, ataondoka afungue karakana mbele ya yangu." Huenda ikawa hivyo. Lakini wewe nawe ulifundishwa na nani? Aliyekufundisha alijua kwamba siku moja utaondoka, wala hakukuficha ufundi wake.

Wako pia wanaowapokea vijana, kisha wakawafagilisha uwanja na kuwatuma chai mwaka mzima, bila ujira wala ujuzi. Huko si kufundisha, ni kula jasho la maskini. Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia mbele za Mungu.

Nanyi vijana, mkipokelewa, kubalini kuanza chini. Fundi hawezi kumfundisha anayejiona amekwisha kujua.

Makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo, hapa mna kazi ya kufanya. Andikeni majina ya vijana waliomaliza shule na kutimiza umri wa kazi kisheria. Andikeni pia majina ya waamini wenye karakana, maduka na ofisi. Wakutanisheni. Karatasi moja yatosha kwa mapatano: muda wa mafunzo, ujira, saa za kazi, na ujuzi ambao kijana atatoka nao. Mzazi atie sahihi, na kiongozi wa jumuiya apite kila mwezi kuuliza habari zao.

Wapendwa, mwajiri na kijana asiye na kazi husali katika kanisa moja na kuijongea meza moja ya Bwana. Isiwe kwamba wakifika mlangoni wanaachana kama wageni. Mwajiri mmoja akimchukua kijana mmoja, sokoni kutakuwa na mmoja pungufu, na jioni nyumba moja itamwona mwana wao akirudi kutoka kazini.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.