Ordinatere ya chama: kwa nini hatukuomba mpya

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa chama, Kalemie



Wengi walituuliza: "Ile mashini munaifungua kila siku na tournevis, mbona hamuombi ingine kwa wafadhili?" Ni swali zuri. Leo tunalijibu, na tunalijibu na makosa yetu ndani.

Tuanze na kilio. Mwaka jana mama mmoja wa chama alifiwa na mume wake. Alikuja ofisini asubuhi kuomba mchango wa kilio, ule ambao kanuni yetu inasema utolewe siku ileile. Tuliwasha ordinatere, tukafungua dosie ya michango. Majina ya mafaili yalikuwepo, lakini kila moja lilikuwa na mshale mdogo, na ukibonyeza hakuna kitu. Flashi moja iliyopita kwa watu wa fotokopi ilikuwa imetuletea virusi. Mama alikaa kwenye benchi mpaka saa nane. Kilichotuokoa ni kadi yake ya karatasi, imefungwa ndani ya sashe, mihuri yote iko. Alituambia: "Mimi nilijifunza wakati wa kukimbia. Karatasi kwanza, sufuria kisha."

Mafaili hayakuwa yamekufa. Virusi ya namna ile mara nyingi inayaficha tu, na siku ya tatu tuliyapata. Lakini siku tatu kwa mwenye kilio ni nyingi, na aibu ile tuliibeba.

Mnajua kilichoandikwa mle ndani. Kuna jamaa waliokimbia vijiji vyao wakati wa vita vya Batwa na Baluba, hasa mwaka wa 2016 na 2017. Kuna waliorudi kutoka kambi za Tanzania, wamevuka ziwa. Kuna waliorudi kutoka Zambia. Kuna majina ya watoto, kijiji cha kila mtu, na kesi za viwanja ambazo hazijaisha. Kabila hatuandiki, na hilo tuliamua sisi wote. Hata hivyo, daftari lile likipotea, kuna mtu atakosa haki yake. Likianguka mikononi mwa mtu mubaya, kuna mtu anaweza kukosa usingizi.

Sasa tuseme ugonjwa wenyewe. Ordinatere yetu ilikuwa inatumia Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake si kwamba mashini inazimika siku hiyo. Inawaka kama kawaida, unaandika, unachapa. Lakini tundu jipya likionekana, haliletewi tena kiraka kama zamani. Ni kama nyumba ambayo fundi wake amehama: inasimama, ila mvua ikianza kuingia hakuna wa kupanda juu ya mabati. Hatusemi virusi ile ililetwa na tarehe hiyo. Ililetwa na uzembe wetu wa flashi. Ila ilitufanya tuamke.

Tulijaribu kuhamia Windows 11, mashini ikakataa. Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, inaomba vitu ambavyo ordinatere za zamani hazina: chipu ya kutunza funguo za siri inayoitwa TPM, toleo la 2.0, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 ao zaidi. Yetu ni ya kizazi cha 3. Ina nguvu ya kufanya kazi yetu, lakini haiko kwenye orodha ya wanaokubaliwa. Wengi hapa mnajua maana ya kusimama mbele ya meza, uko hai, una nguvu, na jina lako halimo kwenye liste.

Tulipima njia nne.

Ya kwanza, kununua mpya. Tungeweza kuomba. Lakini pesa ile ingetoka kwenye kapu lilelile la dawa na kilio.

Ya pili, kulipia kiraka cha Windows 10. Kwa mashirika, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa mashini moja mwaka wa kwanza, na kila mwaka inazidishwa mara mbili, mpaka miaka 3. Ni kodi ya nyumba inayopanda wakati nyumba yenyewe inazeeka.

Ya tatu, Linux, ambayo ni ya bure na inakwenda vizuri kwenye mashini za zamani. Tuliipenda. Lakini hesabu zetu zimejengwa ndani ya Excel na vibonyezo vyake, na mweka hazina wetu amejifunza hapo kwa taabu. Hatukutaka kumrudisha darasa la kwanza katikati ya mwaka.

Ya nne, kuingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma. Tulichagua hiyo, na tutawaambia pia ubaya wake.

Kwanza kabisa, tuliiga yule mama. Nakala moja ya daftari kwenye diski ya nje, nakala nyingine kwenye flashi inayolala nyumba nyingine, na orodha ya michango tuliichapa kwenye karatasi. Kisha tulinunua diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na tukaongeza memori kutoka giga 4 mpaka 8. Vyote pamoja havikufika robo ya bei ya ordinatere mpya.

Halafu jambo muhimu kuliko yote: diski ya zamani hatukuigusa. Tuliichomoa, tukaifunga kwenye kitambaa, tukaiweka kabatini. Mfumo mpya tuliuweka kwenye SSD iliyo tupu.

Faili ya Windows 11 ina zaidi ya giga 5. Kwa forfe ya simu huo ni mzigo, kwa hiyo tuliipakua usiku mmoja kwa intaneti ya ofisi yetu, kutoka kwa Microsoft wenyewe. Msichukue nakala ya barabarani, juu hamjui nani ametia mkono. Kisha tulitumia programu ndogo ya bure inayoitwa Rufus. Inatengeneza flashi ya kuanzishia mashini, na inakuuliza kama unataka kuondoa sharti la TPM. Unaweka alama, basi. Leseni haikuulizwa upya: Windows 10 yetu ilikuwa halali, na uhalali ule unajulikana kwa ubao mkuu wa mashini, si kwa diski.

Mara ya kwanza tulianza saa kumi jioni bila kujaza ondulere. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Hapa Kalemie mtu anayeanza kazi ya namna hiyo bila betri ni nani? Ni sisi, wenye diplome. Kioo kilibaki cheusi, na kijana mmoja wa komite alishika kichwa. Lakini diski ya zamani ilikuwa kabatini, haijui hata kama kuna shida. Kesho yake asubuhi, ondulere imejaa, tulianza upya. Kabla ya saa sita mashini ilikuwa tayari. Leo inawaka upesi kuliko ilivyowahi.

Sasa ubaya wake, hasa kwa ninyi wafadhili, maana hatupendi kuwauzia samaki ndani ya gunia.

Microsoft inasema wazi kwamba mashini isiyotimiza masharti haina haki ya kuahidiwa viraka. Kwetu vinakuja kila mwezi mpaka leo, lakini siku yoyote vinaweza kukatwa. Toleo kubwa la kila mwaka halitakuja lenyewe. Tutalisukuma kwa mkono, kwa flashi. Kila toleo linatunzwa miezi 24 tu, kwa hiyo hatuwezi kulala. Mashini za zamani kuliko yetu zinaweza kukataa kabisa, sababu tangu toleo la 24H2 kuna maagizo ya prosesa ambayo hakuna mlango wa nyuma wa kuyapita. Skana yetu haikutambuliwa tena. Na TPM haikuwekwa bure: bila hiyo, mwizi akichukua mashini, diski yake inasomeka kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana faili ya daftari sasa ina neno la siri, na neno hilo linajulikana na watu wawili, si mmoja.

Kwa hiyo hatuseme tumepona. Tumenunua wakati. Vijana wawili wa chama walifanya kazi hii pamoja nasi, mkono kwa mkono, na wanajifunza Linux polepole kwenye ile diski nyingine ya mazoezi, ili siku mlango wa nyuma utakapofungwa tusibaki nje na mizigo yetu.

Tunawaomba mambo matatu. Mtu asiingize flashi yake kwenye ordinatere ya chama kabla haijapimwa, hata kama ni flashi ya mheshimiwa, hata kama ni yetu sisi. Ile mashini ibaki juu ya matofali tuliyoipandisha mwaka wa 2024, ziwa lilipoingia ndani ya mitaa. Isirudishwe chini kwa sababu ya usafi. Na kila mmoja aendelee kutunza kadi yake ya karatasi.

Mama yule yuko hapa leo, hatutamtaja. Mchango wake alipewa jioni ileile, kwa nguvu ya kadi yake. Tulipomaliza kazi ya mashini alikuja kuangalia. Alituomba tumfungulie ukurasa wake, akasoma jina la mume wake na tarehe, akasema: "Iko." Kisha akauliza diski ya zamani iko wapi. Tukamwonyesha kabati. Akauliza: "Na ufunguo?"

Ufunguo uko kwa mweka hazina.